Mjadala: Je, rejista ya kampuni ikabidhiwe mahakama?

Mchangiaji wa Kisumu: Ndugu zangu, nchini Ujerumani rejista ya biashara hutunzwa na mahakama za wilaya, na mkurugenzi mpya haandikwi humo kabla ombi halijathibitishwa na mthibitishaji wa nyaraka na kukaguliwa na afisa wa mahakama. Kwetu Kenya, tangu sheria za mwaka 2015, kazi hiyo iko chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, na maombi hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Rafiki yangu mwenye duka la vipuri hapa Kondele alikuta mshirika wake amewasilisha, kwa jina la huyo rafiki yangu, barua ya kujiuzulu ukurugenzi ambayo yeye hakuiandika, na ikambidi aende Mahakama Kuu kuomba rejista irekebishwe. Ikiwa safari huishia mahakamani, mbona tusianzie huko?

Mchangiaji wa Nakuru: Ndugu yangu, kilio cha rafiki yako ni cha haki, lakini dawa hiyo siikubali. Aliyewahi kuwa na kesi ya shamba hapa Nakuru anajua jinsi tarehe za kutajwa zinavyosogezwa. Je, kampuni inayobadili anwani tu nayo ipange foleni hiyo? Hata Ujerumani, kazi nyingi za rejista hufanywa na maafisa wa mahakama ambao si mahakimu.

Kinachoipa rejista yao uzito ni kanuni kwamba badiliko lililopaswa kuandikwa lisipoandikwa, mwenye kampuni hawezi kulitumia dhidi ya mtu wa nje ambaye hakulijua. Benki, kwa hivyo, huitegemea rejista. Lakini tafakari: rejista ikiaminiwa kiasi hicho, kosa likipenya humo hasara huweza kumwangukia asiye na hatia, na ndiyo maana ukaguzi hutangulia maandishi. Huo ukaguzi wa mapema ndio tunaoukosa, na Msajili wetu anaweza kupewa wajibu huo kwa sheria: asimwondoe mkurugenzi kabla ya kumjulisha yeye mwenyewe na kumpa siku za kupinga, na saini ya kujiuzulu ishuhudiwe na wakili. Italia, kwa sheria ya mwaka 1993, iliziachia chemba za biashara rejista, ila chini ya usimamizi wa jaji. Mpango wa namna hiyo ningeuunga mkono.

Mchangiaji wa Kisumu: La kujulishwa kwanza nalikubali kwa moyo wote. La wakili linanitia shaka, kwa kuwa mama mwenye kampuni ndogo ya samaki pale Dunga atalipia saini hiyo kwa fedha zipi?