Vipande vya kitenge vya Krismasi: nyota za kujaza au vibendera?

MamaPacha_Tabata
Habari zenu wapendwa. Fundi wangu kanipa kiroba cha vipande: vitenge vingi, kanga kidogo, na satini zilizobaki kwenye sare za harusi. Mwaka huu nataka kushona mapambo mwenyewe, yale ya kung'aa ya Kariakoo yamenichosha. Najiuliza, nyota ndogo za kujaza nitundike kwenye mti, au vibendera vya kamba nivute ukutani sebuleni? Cherehani ninayo, ya kukanyaga.

Fundi_Mbagala
Dada, mwaga kwanza kiroba uone ukubwa wa vipande. Nyota inatoka hata kwenye kipande cha kiganja. Kibendera cha kuonekana kinataka kama inchi 6 kwa 8, na ukikishona pande mbili kitambaa kinaenda maradufu. Ila kwa kazi, kibendera ni mishono miwili, unageuza, unapiga pasi, unapachika kwenye utepe. Nyota ya ncha tano ina kona kumi, na zile tano za ndani usipozichanja kwa mkasi mpaka karibu na uzi, ukigeuza inakunjamana yote. Sindano namba 14, mshono mfupi.

Binti_Kigamboni
Kwani lazima kugeuza? Weka vipande viwili mgongo kwa mgongo, pitisha cherehani juu kwa uzi mwekundu, acha upenyo wa vidole viwili, jaza, ziba, halafu zungushia mkasi wa meno, ule unaokata zigizagi. Imeisha hiyo. Kitenge kimefumwa kwa kubana, hakifumuki ovyo. Mimi nipo kwenye nyota.

Fundi_Mbagala
Hapo sibishi, ila kwa kitenge tu. Satini ukiikata hivyo nyuzi zinachomoka zote, na nyingi zikiguswa na pasi ya moto zinanyauka. Satini kata kamba za kutundikia, tena kata mshazari, haifumuki sana.

MamaPacha_Tabata
Na ndani nijaze nini? Nina mto wa zamani wa sufi.

Mzee_wa_Sinza
Sufi ni nyepesi, lakini jiandae, inapepea nyumba nzima. Jazia ndani ya mfuko, feni izimwe. Tena inashika moto haraka sana, nyota hizo zikae mbali na mishumaa. Wengine hukatakata mabaki ya vitambaa wakashindilia. Ni bure, lakini ni mazito. Mti wenyewe ni upi? Kama ni tawi la mvinje kama tunavyoweka sisi, vijiti vyake vyembamba, vitalala. Mti wa plastiki wenye waya unahimili.

MamaPacha_Tabata
Mvinje, mzee wangu.

Mzee_wa_Sinza
Basi sufi, na usishindilie. Tia karafuu mbili tatu humo ndani, sebule itanukia. Mchele usitie hata ukiambiwa unaleta umbo zuri, utafuga wadudu.

Shangazi_Temeke
Mmeisahau kanga! Kwa nyota siishauri, nyembamba, sufi itaonekana kwa ndani. Lakini kwa vibendera hakuna kama kanga. Pindo linakaa juu, mji, yaani ile sehemu ya katikati, unashuka chini, na kwa kuwa ni nyepesi kamba hailegei katikati. Kama kipande kina jina, kata ili maneno yatokee kwenye bendera. Ila soma kwanza mwanangu, usije ukamtundikia mama mkwe mipasho siku ya Krismasi 😂

Binti_Kigamboni
Shangazi 😂😂 Kwa hiyo kitenge nyota, kanga vibendera, satini kamba?

Shangazi_Temeke
Akiwa na muda. Asipokuwa nao aanze na vibendera, ukuta mtupu unaonekana kuliko mti mtupu.

Fundi_Mbagala
Hapo nakubaliana na shangazi.

MamaPacha_Tabata
Asanteni sana. Nitaanza na nyota hata hivyo, wanangu wanataka za kushika mkononi. Huo mkasi wa meno unauzwa wapi?

Binti_Kigamboni
Maduka ya nyuzi na vifungo Kariakoo. Nenda na kipande chako cha kitenge, ujaribu palepale kabla hujalipa. Mwingine unatafuna kitambaa badala ya kukata.