Nyumba ya mirathi Mji Mkongwe, upande wa Kiponda: ninunue au niachane nayo?

BintiMalindi

Asalaam alaykum wadau, na wasio Waislamu habari zenu. Naomba ushauri hasa kwa nyinyi mliozaliwa Mji Mkongwe wa Zanzibar au mshawahi kununua nyumba kule ndani, sio kupanga, kununua. Mie nimekulia Malindi, humo humo Mji Mkongwe, kwenye nyumba ya bibi, bibi alipofariki nyumba ikauzwa kila mtu akachukua fungu lake tukatawanyika, mie nikaenda Dar kikazi na mama akahamia Mwanakwerekwe, nje ya mji. Sasa ana miaka 71 na kila nikimpigia simu ni hilo hilo, anataka kurudi mjini, anataka aamke alfajiri asikie watu wanasalimiana kichochoroni wakitoka msikitini. Nimejinyima miaka 12 nikaweka vijisenti, na mwezi uliopita dalali kanionesha nyumba Kiponda.

Nyumba ni ya ghorofa mbili, chini kuna duka la vitambaa, mpangaji yupo pale miaka mingi, juu vyumba vinne na ukumbi. Mlango wa zamani wa kuchonga bado upo. Kuta za chini zimepigwa plasta mpya ya saruji na rangi nyeupe inang'aa, lakini nilivopanda juu chumba cha nyuma kinanuka unyevu kama nguo zilizokunjwa mbichi zikafungiwa sandukuni, na niliweka chupa ya maji sakafuni ikabiringika yenyewe mpaka ukutani.

Wauzaji ni warithi 9. Saba wapo tayari, mmoja yuko Muscat wanasema "hana neno", mmoja kafariki kaacha watoto. Dalali ananiharakisha nitoe arubuni kabla ya Ijumaa, eti kuna mtu wa hoteli anaitaka. Bei yake ningepata nyumba mbili za kawaida huko Mwanakwerekwe. Niambieni ukweli hata kama unauma.

FundiWaMjini

Waalaykum salaam dada. Mimi ni fundi wa nyumba za mawe, nimeanza na marehemu baba tangu nasoma skuli, kwa hiyo ntakwambia ninachokijua, habari za karatasi watakwambia wengine.

Hiyo plasta mpya ya chini ndio iliyonishtua. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta unene wake nusu mita na zaidi, na ukuta wa namna hiyo unavuta maji kutoka ardhini na unayatoa tena nje taratibu, unapumua. Ukiupiga saruji umeuziba pua. Maji hayaachi kupanda, yanapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, na yanakwenda na chumvi, ndio ule unga mweupe unaouona na plasta inamwagika vipande vipande, na yakifika kwenye vichwa vya boriti, pale boriti inapoingia ukutani, yanaziozesha kimya kimya. Kwa macho boriti unaiona nzima katikati ya chumba kumbe kichwa kishakuwa kama tumbaku. Mtu akiipaka nyumba saruji na rangi mwezi mmoja kabla hajaiuza, muulize alikuwa anaficha nini.

Hiyo chupa iliyobiringika imekwambia jambo kubwa dada yangu. Sakafu ya juu ni boriti za mikoko zimepangwa karibu karibu, juu yake mawe bapa, halafu kifusi na chokaa iliyopondwa, ni mzigo mzito sana. Boriti zenyewe urefu wake unaofaa ni mita tatu hivi, ndio maana vyumba vya mjini ni virefu lakini vyembamba. Sasa sakafu ikilalia upande mmoja maana yake upande ule vichwa vimeanza kusalimu amri. Rudi na bisibisi. Nenda chumba cha chini yake, panda ngazi, choma kila kichwa cha boriti pale ukutani, ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa hesabu moja, endelea. Halafu gonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukisikia sauti ya debe tupu plasta ishaachana na jiwe.

Halafu panda paani, usikubali kuambiwa ufunguo haupo. Zamani mapaa mengi yalikuwa bapa, baadae yakafunikwa mabati, na maji yanaingilia pale bati linapokutana na ukuta, au mfereji ukiziba majani. Ukikuta kimti kimeota ukutani, hata kiwe kidogo kama mche wa mchicha, mizizi yake ishaingia ndani. Angalia na matangi ya maji, tangi la lita 1000 likijaa ni tani moja nzima umeiweka juu ya vijiti vya mikoko. Na choo cha ghorofani kilichoongezwa juzi juzi, kiguse ukuta wake kwa kiganja.

Beit al Ajaib limejengwa 1883, lile jumba kubwa kuliko yote pale mbele ya Forodhani, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ikashuka mchana kweupe likiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Siku ile nilikuwa sijalala nafikiria nyumba zote nilizoingia nikamwambia mwenyewe "toka humu kwanza" akanambia fundi unatisha watu.

MnunuziWaHurumzi

Dada usitoe hata shilingi Ijumaa. Narudia, usitoe.

Mimi niliingia mkenge na nyumba ya warithi 6, watano wakasaini, wa sita alikuwa nje na kaka yake akaja na karatasi ya uwakala, tukasaini mbele ya mashahidi, nikalipa. Nishabadilisha mabati, nishalipa mafundi, yule wa nje akatua uwanja wa ndege kwa ajili ya harusi, akapita nyumbani kwao akakuta watoto wangu wanacheza ukumbini. Hakuwahi kumpa mtu uwakala. Hakupiga kelele, alikaa barazani akalia. Kesi ilinichukua miaka mitatu na nikamlipa fungu lake kwa bei mpya, na nikiri kwamba alikuwa na haki, mimi ndie niliyenunua kitu cha mtu bila yeye kujua.

Kwako hali ni nzito zaidi maana una marehemu ndani ya warithi. Hapo ni mirathi juu ya mirathi, fungu la yule aliyefariki haliendi kwa ndugu zake wakalipigia kura, linagawiwa kwa warithi wake yeye, mkewe kama yupo na watoto wapo ana thumni, na watoto wa kiume mafungu mawili kwa moja la kike. Kama kuna watoto wadogo ndio usiguse mpaka mambo yao yapitie panapostahiki. Dai karatasi ya mgawanyo wa mirathi iliyotoka kwenye chombo kinachohusika, sio barua waliyoandikiana wenyewe, na huyo wa Muscat ongea nae mwenyewe kwa simu ya video kisha asaini mbele ya mtu anayetambulika. "Hana neno" hiyo si saini.

Na kingine watu hawakisemi, hakikisha kwanza kama nyumba ni yao. Mjini kuna nyumba za aina nyingi zinafanana ukiziona kwa nje. Kuna za watu binafsi, kuna zilizochukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964 na watu wakakaa humo kama wapangaji mpaka wajukuu, na kuna za wakfu, yaani zilizotolewa kwa ajili ya dini au hisani. Nyumba ya wakfu haiuzwi, hata aliyekaa humo miaka 50 hana cha kukuuzia. Anachoweza mtu kukuuzia pale ni kilemba tu, yaani anakupisha wewe ukae, na siku ya siku unakuta umelipa pesa ya nyumba ukapata upangaji. Nenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ukaulize, nenda na Shirika la Nyumba, halafu Kamisheni ya Ardhi uangalie kilichosajiliwa, na sheha wa pale, yule kiongozi wa mtaa, muulize kwa utaratibu, masheha na wazee wa mtaa wanajua historia kuliko mafaili.

Kijana_Fumba

Sister mbona unajitesa, chukua nyumba mpya Fumba au Bububu, kuna pa kuegesha gari, hakuna boriti za kuchoma na bisibisi.

BiShangani

Kijana, kasema mama yake anataka kurudi mjini. Mzee wa miaka 71 ukimpeleka Fumba akakae na maegesho ya gari umemsaidia nini?

Mimi nina uchungu na jambo hili niacheni niseme. Mtaa wangu nilipokuwa mdogo nyumba kumi zina watu kumi na tano wanaojuana, ukipika biriani ramadhani unajua sahani saba ziende wapi. Leo nikihesabu upande wetu ni hoteli, hoteli, nyumba ya kupangisha wageni kwa siku, duka la vinyago, kwangu, hoteli. Usiku wageni wanapita na masanduku yenye magurudumu kwenye mawe, krrrr krrrr, na hakuna hata mmoja wa kumuuliza umeamkaje. Mji huu uliwekwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2000 na kila mtu anasema kuhifadhi milango na mabaraza, sawa, mie nakubali, lakini baraza ni jiwe tu kama hakuna wa kulikalia. Kwa hiyo binti yangu kama karatasi ziko sawa na fundi amesema inatibika, mie nakuombea uichukue, na usiogope huyo mtu wa hoteli. Dalali kila mnunuzi anamwambia kuna mtu wa hoteli.

Ila fahamu mambo mawili ya kukaa huku. Gari haliingii, kila mfuko wa mchanga na kila boriti italetwa na hamali kwa mkokoteni kutoka barabarani na utamlipa, kwa hiyo hesabu ya ujenzi ya shamba, huko nje ya mji, usiilete mjini. Na ukuta wako ndio ukuta wa jirani, anza kwa kumjua jirani kabla hujampelekea nyundo.

MtuWaMwanza

Samahani naingilia, mimi ni wa bara, naweza kununua huko kama Mtanzania?

MnunuziWaHurumzi

Mkuu sio kama bara. Ardhi ya Zanzibar ina sheria zake, sheria ya 1992 inampa haki ya kutumia ardhi Mzanzibari aliyetimiza miaka 18, asiyekuwa Mzanzibari anapitia njia ya kukodi au ya uwekezaji. Usije ukatumia jina la rafiki, nimeona urafiki unavokwisha.

BintiMalindi, na wewe ambae ni Mzanzibari uhaulishaji, yaani kubadilisha jina la mwenye nyumba, lazima upitie kwenye Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, kusainiana nyumbani kwa dalali hakutoshi.

FundiWaMjini

Naongeza kitu. Ukinunua usianze kubomoa hata dirisha. Kuna Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, ipo tangu 1985, chochote unachotaka kubadilisha uombe kibali kwao kwanza. Watu wanawalalamikia lakini mie naona bora waje waangalie, wamewahi kunizuia nisitoboe ukuta ambao leo najua ungetushukia.

BintiMalindi

Wadau nimerudi. Nilimwambia dalali Ijumaa sitoi kitu, akakasirika akazima simu siku mbili kisha akanipigia mwenyewe, huyo mtu wa hoteli sijui kaenda wapi.

Jumapili nilikwenda na fundi na mama. Tumechoma boriti 34 za chumba cha nyuma, 8 zimezama. Paani mfereji umejaa majani na maji yamesimama, yanashuka ukuta ule ule wa chumba cha nyuma, chumba cha mbele boriti zote ngumu bisibisi imeteleza. Fundi akabandua kipande cha plasta ya saruji karibu na ngazi, nyuma yake jiwe limelowa kabisa, nikatia kidole likatoka vumbi bichi. Kanambia inatibika, saruji itolewe yote, ukuta uachwe ukauke, upigwe chokaa. Nimeandika gharama nitaikata kwenye bei, wakikataa basi.

Wakfu sio, nishahakikisha, na serikali haimo. Huyo wa Muscat nimeongea nae, kumbe hakuwahi kuambiwa bei, aliambiwa nusu yake. Nimemwambia bei ninayotajiwa mimi, akanyamaza kidogo akasema nisubiri azungumze na ndugu zake. Ya watoto wa marehemu wameanza kuyashughulikia, mimi nimewaambia mpaka nione karatasi.

Mama hakuuliza boriti wala mirathi. Alikaa dirishani kwenye ukumbi, chini akapita mzee mmoja na kikapu, akainua kichwa akamtazama, akamwita kwa jina la utotoni. Walisoma chuo kimoja cha Kurani.

FundiWaMjini swali moja, mambo yakikamilika, hizo boriti 8 nibadilishe lini, na nitapata wapi zilizonyooka?

FundiWaMjini

Zilizonyooka na ndefu siku hizi ngumu, utaagiza mapema, mie ntakuunganisha na ninaemwamini. Usifungue sakafu kabla ya masika kumalizika, anza Juni umalize kabla ya vuli. Ila mfereji wa paani usisubiri hata hati, waombe warithi ruhusa tu, wiki hii nipeleke kijana akazoe yale majani.