Naomba ushauri: CMS ipi inafaa kampuni ndogo ya utalii Moshi?

mgeni_njoo
Wakuu, habari za wakati huu. Naendesha kampuni ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro, ofisi ipo Moshi mjini. Tovuti yetu ilitengenezwa na kijana mmoja aliyeandika kodi za kompyuta mwanzo mwisho, na kwa muonekano sina malalamiko. Shida ni kwamba kila nikitaka kubadilisha bei ya njia ya Machame ya siku saba, au kuongeza tarehe ya safari ya kundi, lazima nimtafute yeye. Siku hizi simu hapokei, wakati mwingine wiki inakatika. Ada za hifadhi zikipanda, mgeni anaendelea kusoma bei ya zamani, anaweka nafasi kwa bei hiyo, na tofauti tunaibeba sisi.

Nataka kuhamia kwenye CMS, yaani mfumo wa kuhariri tovuti bila kuandika kodi, ili dada wa ofisini abadilishe mwenyewe. Nimepata ushauri wa aina tatu unaopingana: wengine WordPress, wengine Wix, na kuna kampuni ya hapa mjini inataka kunijengea mfumo wake yenyewe. Wageni wetu wengi ni Wajerumani na Wamarekani, kwa hiyo nahitaji Kiingereza na Kijerumani. Malipo hayapitii kwenye tovuti. Mgeni anajaza fomu, tunaongea kwa barua pepe au WhatsApp, kisha anatuma amana benki. Nichukue ipi, na nijihadhari na nini?

fundi_seva
WordPress, mkuu. Lakini elewa kwanza kwamba zipo mbili. Ya wordpress.org ni programu huria, unaipakua bure na kuiweka kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) unayoikodi mwenyewe. Ya wordpress.com ni huduma ya kampuni ya Automattic, na unachoruhusiwa kufanya kinategemea kifurushi unacholipia. Nakushauri ya kwanza.

Ipo tangu 2003 na leo inaendesha zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani. Faida yake kwako siyo ukubwa huo wenyewe. Faida ni kwamba fundi wako akipotea, Moshi na Arusha wapo wengine wengi wanaoijua, na wataendelea pale alipoishia.

Pwani_kwetu
Mimi niko Diani, nasimamia nyumba za wageni, na tovuti yetu iko Wix. Niseme ukweli, imetufaa. Hakuna habari ya seva, hakuna kusasisha chochote, lugha mbili inakubali, na kijana wa mapokezi aliizoea upesi. Ila ujue tovuti ya Wix haihamishiki. Ukitaka kuondoka, maneno na picha utanakili kwa mkono, mengine unajenga upya. Kwetu ni kurasa chache, hilo halinipi hofu. Wewe mwenye njia sita za mlima, safari za Serengeti na Ngorongoro, na makala za kuwashauri wageni, fikiria mara mbili.

kodi_safi
Mimi ndiyo kazi yangu kujenga mifumo, kwa hiyo nitasema kinyume na maslahi yangu. Kujengewa mfumo wako si kosa. Ungekuwa unataka kupanga waongozaji na wapagazi, kuhesabu mahema na mitungi ya oksijeni, kujua nani yuko mlimani leo na nani anashuka kesho, ningekwambia jenga, tena haraka. Lakini unachotaka ni kurasa, bei, picha na fomu. Hayo yalishatengenezwa na watu wengine na yanapatikana bure. Ukijengewa upya unarudi pale pale ulipo leo, kumtegemea mtu mmoja, tofauti ni kwamba safari hii ana ofisi na risiti.

nyota_ya_asubuhi
Vipi Drupal na Joomla? Mbona hamzitaji?

fundi_seva
Ni mifumo mizuri, zote huria. Drupal inapendwa na taasisi kubwa zenye wahariri wengi na ngazi za ruhusa. Ila ukitoka toleo la 7, ambalo lilifungwa rasmi Januari 2025, kwenda matoleo mapya, ni karibu na kujenga tovuti upya. Kwa ofisi ya watu watatu sioni sababu.

Dada_Mapokezi
Naomba niongee kama mtu anayekaa kwenye kile kiti. Nafanya kazi hiyo hiyo Arusha, mimi ndiye ninayebadilisha kila kitu kwenye WordPress yetu.

Kaka, ugonjwa wako mkubwa ni bei, na CMS peke yake haiutibu. Nilipoanza, bei ya Lemosho ya siku nane ilikuwa imeandikwa ukurasa wa mbele, ukurasa wa njia yenyewe, kwenye jedwali la bei, na ndani ya makala ya kulinganisha njia. Kisha vyote hivyo tena kwa Kijerumani. Ukibadilisha sehemu moja na kusahau nyingine, mgeni anakuletea picha ya skrini na anadai ile ya chini, na kwa kweli ana haki.

Mwambie fundi kila njia iwe na sehemu zake maalumu za kujaza: siku, bei kwa mtu mmoja, bei kwa kundi, kilichomo na kisichomo. Bei iandikwe hapo mara moja tu, na kurasa nyingine zote, za lugha zote mbili, ziivute kutoka hapo. WordPress inaweza hilo vizuri, lakini usipolidai kabla ya kazi kuanza utapewa kurasa za kawaida zenye bei iliyochapwa kwa mkono. Kwangu fundi aliporekebisha, kubadilisha bei za njia zote ikawa kazi ya chai moja.

Halafu mpe dada wa ofisini cheo cha Mhariri, siyo Msimamizi. Mhariri anaandika na kuchapisha anachotaka, lakini hawezi kufuta plagini (programu ndogo za nyongeza) kwa bahati mbaya. Na kabla hujalipa amana kwa fundi yeyote, mkalishe dada mbele ya tovuti ya majaribio, mwambie aongeze safari moja na picha zake bila kusaidiwa. Akikwama, huo mfumo siyo wenu.

mgeni_njoo
Dada, umenigusa penyewe. Hiyo ya mgeni kuleta picha ya skrini imetupata. Wakuu, seva niweke wapi, hapa nyumbani au nje?

fundi_seva
Weka karibu na wanaosoma. Wasomaji wako wako Ulaya na Marekani, kwa hiyo seva ya Ujerumani inakufaa kuliko ya Dar. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya ukanda wetu ilipwaya vibaya. Mwenye seva Ulaya wageni wake wa Ulaya waliendelea kumsoma, hata kama yeye ofisini alihangaika kuingia.

Na kuhusu kujihadhari. Usikubali plagini au templeti (muundo wa muonekano) ya kulipia iliyovunjwa ikatolewa bure, nyingi zina mlango wa nyuma wa wezi. Plagini ziwe chache, na masasisho yafanyike kila wiki. Nakala ya akiba ikae nje ya seva hiyo hiyo. Picha za mlimani zipunguzwe kabla ya kupandishwa, maana picha ya simu ina megabaiti tano na mgeni wa Munich anayesoma kwenye treni hawezi kuisubiri. Kijerumani kiandikwe na mtu anayekijua, si mashine peke yake.

Fomu isiombe namba ya pasipoti. Kila kinachoandikwa pale kinaweza kubaki kwenye hifadhidata, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Jina, barua pepe, tarehe na idadi ya watu vinatosha kuanza mazungumzo.

Lakini kuna swali linalotangulia yote haya: domeini, yaani anuani ya tovuti yenu, imeandikishwa kwa jina la nani?

mgeni_njoo
Nimetoka kuangalia. Jina na barua pepe ni vya yule kijana.

kodi_safi
Basi kazi ya kwanza ni hiyo, CMS baadaye. Mwenye domeini ndiye mwenye tovuti, na kama barua pepe zenu zinatumia jina hilo, hata hizo ziko mkononi mwake. Mfuate kwa heshima, ana kwa ana. Kama kuna pesa anadai, mlipe. Mwombe abadilishe mmiliki awe kampuni, kwa barua pepe ya ofisi, siyo ya mfanyakazi mmoja. Mwandikiane. Msajili wa domeini atawaelekeza utaratibu, kwa ya .co.tz na ya .com pia. Usianze kumlipa fundi mpya kabla hilo halijakamilika.

mgeni_njoo
Nitamfuata Jumamosi, ni mtu wa kuongea naye, si mgomvi. Nimeamua WordPress, na sehemu za bei kama alivyosema dada zitaingia kwenye mkataba. Swali la mwisho: Google inatuweka vizuri kwa utafutaji wa njia ya Marangu. Nikihama nitapoteza?

fundi_seva
Utapoteza ikiwa anuani za kurasa zitabadilika kimya kimya. Kabla tovuti ya zamani haijazimwa, orodhesha kila anuani yake kwenye jedwali, na mbele yake uandike anuani mpya. Zile zinazoweza kubaki vile vile, zibaki. Zinazobadilika, fundi aziwekee uelekezaji wa kudumu (mafundi huuita 301), unaompeleka msomaji wa anuani ya zamani kwenye mpya, ukurasa kwa ukurasa, asizitupe zote ukurasa wa mbele. Ukurasa wa Marangu uelekee kwa Marangu. Hamisha Aprili au Mei, msimu wa mvua, wageni wakiwa wachache, ili kasoro zikijitokeza uwe na muda wa kuzirekebisha kabla ya Juni.