Jibu la malipo lisomwe kwa namba au kwa jina?

Mwanzisha mada, Umoja:

Nawauliza wenzangu tunaounganisha tovuti na M-Pesa hapa Nairobi, na hasa mnaofundisha vijana kazi hii: mbona bado tunawazoesha kutoa thamani ndani ya safu (array, yaani orodha ya vitu vilivyopangwa) kwa kuhesabu nafasi?

Kwa asiyeijua Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa: mteja akishaweka PIN kwenye simu, seva yako hutumiwa jibu la JSON, yaani data iliyoandikwa kwa majina na thamani zake. Namba ya risiti haiko juu juu. Unaingia Body, humo unaingia stkCallback, humo CallbackMetadata, ndipo unaikuta safu iitwayo Item. Kila kilichomo ni objekti ndogo yenye Name na, mara nyingi, Value. Kiasi hutangulia, inafuata risiti, halafu tarehe, halafu simu. Lakini yapo majibu ambayo kati ya risiti na tarehe kimekaa kitu kiitwacho Balance, na hicho huja na jina tu, bila thamani.

Kuna duka la spea za simu karibu na Luthuli lililoniita likiwa limechoka kugombana na wateja. Aliyewaandikia msimbo alinakili mfano wenye Balance, hivyo tarehe akaisoma kwa Item[3].Value na simu kwa Item[4].Value. Majibu yaliyofika yalikuwa na vitu vinne tu. Hesabu huanza sifuri, kwa hiyo Item[4] haikuwapo, na programu ikakatika kabla ya kuandika chochote kwenye hifadhidata. Pesa imeshaingia dukani, mteja ana ujumbe wa malipo mkononi, na tovuti inamwambia hajalipa. Wapo waliolipa mara mbili.

Akaitwa kijana mwingine kurekebisha. Akapachika ile alama ya ?. (kitu kisipokuwapo, programu haikatiki, inapata tupu) iliyoingizwa rasmi katika JavaScript mwaka 2020, malalamiko yakaisha, oda zikaanza kuandikwa. Nilipolifungua jedwali nikakuta sehemu ya simu ni tupu, na sehemu ya tarehe imejaa namba za tarakimu 12 zinazoanza na 254. Tarehe ya Daraja ina tarakimu 14 na huanza na mwaka! Hili la pili liliniuma kuliko la kwanza. Kosa la kwanza angalau lilijitangaza. Hili lilikaa kimya likiharibu rekodi siku baada ya siku.

Mimi nasoma hivi, vitu ikiwa ndiyo ile safu ya Item:

const risiti = vitu.find(k => k.Name === 'MpesaReceiptNumber')?.Value;

Hiyo find hupitia safu hadi ikute kitu chenye jina hilo. Balance iwepo isiwepo, risiti ni ileile. Naomba mnaopinga mje.

Mchangiaji, Ngara:

Mimi ni mwalimu, na nakupinga. Wanafunzi wangu nakaa nao miezi mitatu. Asiyejua kwamba alama[1][0] ni safu ya pili, kitu cha kwanza, hiyo find utaanzia wapi kumweleza? Ndani yake mna funksheni, na ndani ya funksheni mna ulinganisho. Kwanza aelewe safu ndani ya safu kwa namba, mengine yatafuata. Halafu usiiseme vibaya namba: maelezo rasmi ya JSON, RFC 8259, yanasema objekti haina mpangilio lakini safu inao. Kutegemea mpangilio wa safu si kosa.

Mwanzisha mada:

Mwalimu, mpangilio upo, sikatai. Idadi ndiyo hujaahidiwa. Foleni ya basi pale Kencom nayo ina mpangilio. Ukiambiwa dada yako ni wa nne, kisha mtu mmoja akasimama mbele yake, utamshika mkono mgeni. Ungemwita jina angegeuka.

Mchangiaji, Rongai:

Na wewe umetumia ?. kwenye mstari wako.

Mwanzisha mada:

Kweli, na nilipaswa kueleza. Mstari unaofuata huuliza kama risiti imepatikana. Isipopatikana, jibu zima linaandikwa kwenye faili kama lilivyokuja, na oda inawekwa pembeni ikaguliwe na mtu. Kosa la yule kijana lilikuwa kuweka alama na kuondoka. Kabla ya hapo pia angalia ResultCode, namba ya matokeo inayokuja na jibu: ikiwa si 0, CallbackMetadata yenyewe haiji. Mteja akighairi unapata 1032, na ukiitafuta Item hapo utaanguka tu, uwe wa namba au wa jina.

Mchangiaji, Kasarani:

Mimi kazi yangu ni ramani, na huko jina halipo kabisa. Kwenye GeoJSON, muundo wa JSON wa data za ramani, mpaka wa eneo ni safu ndani ya safu ndani ya safu: coordinates[0] ni mzingo wa nje, coordinates[0][0] ni pointi ya kwanza, coordinates[0][0][0] ni longitudo yake. Longitudo hutangulia, latitudo hufuata, na watu wengi hapa husoma kinyume. Nairobi iko takriban 36.8 na -1.29. Zigeuze, na steji yako inatua katika bahari ya Mediterania, kati ya Uhispania na Algeria. Utamwita nani kwa jina humo? Kanuni yako iwekee mpaka.

Mwanzisha mada:

Nakubali, na nashukuru kwa mfano huo. Pale ambapo nafasi yenyewe ndiyo maana, na imeandikwa kwenye kanuni ya muundo, soma kwa namba. Ila mimi hata hapo naandika const [lon, lat] = pointi; ili atakayefuata asihesabu upya. Nisichokikubali ni kitu kuja na Name yake kifuani nasi tukakipa namba.

Mchangiaji, Ngara:

Namba sitaacha kuzifundisha wiki ya kwanza. Ila hilo la Balance sikuwahi kuliweka mezani, na mfano ninaoutumia darasani ni huo wenye vitu vitano. Jumatatu nitawapa majibu mawili, moja lenye Balance na jingine lisilonayo, waandike msimbo mmoja unaotoa simu sahihi kwa yote mawili. Nitaleta hapa walichoandika.