Tupeane uzoefu: Je, muziki wa roki umeshuka, au ni masikio yetu yaliyozeeka?

KANDA KUUKUU (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, naanzisha mada hii baada ya kushindwa katika ubishi ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na kwa kuwa aliyenishinda ni mpwa wangu wa kike mwenye umri wa miaka 22, naona heri niyaseme mimi kabla hajayasema yeye. Kwa miaka mingi nimeshikilia kwamba roki ilifika kileleni kati ya 1967 na 1975, kwamba waliofuata waliokota makombo, na kwamba kinachoitwa roki siku hizi ni kelele tupu. Ushahidi wangu niliuona hautikisiki. Mwaka 1969 peke yake Led Zeppelin walitoa albamu zao mbili za kwanza, Beatles wakatoa Abbey Road, na Jimi Hendrix akapiga gitaa lake katika tamasha la Woodstock (asubuhi ya Jumatatu, wakati sehemu kubwa ya umati ilikuwa imekwisha kuondoka, jambo ambalo sisi wasimuliaji huwa tunalisahau kwa makusudi).

Mpwa wangu hakubishana nami. Aliniuliza swali moja tu: katika mwaka huohuo wa 1969, ni wimbo gani ulioshika nafasi ya kwanza katika orodha ya mwaka mzima ya jarida la Billboard kule Marekani? Nikataja Beatles, akatikisa kichwa. Nikataja Rolling Stones, akatikisa tena. Kumbe ulikuwa “Sugar, Sugar” wa The Archies, bendi ya katuni, ambayo sauti zake ziliingizwa na waimbaji wa studio. Akaendelea kunieleza kwamba miaka miwili kabla ya hapo, huko Uingereza, santuri ya Beatles yenye nyimbo “Penny Lane” na “Strawberry Fields Forever” ilizuiwa kufika nafasi ya kwanza na wimbo wa mapenzi wa Engelbert Humperdinck. Hapo ndipo nilipotambua kosa langu: mchele wa enzi yangu umekwisha kupepetwa kwa zaidi ya miaka hamsini, nami nilikuwa nikiulinganisha na mchele wa wiki hii ambao bado una chuya zake zote.

Hata hivyo, moyo wangu haujatulia. Nimekubali kwamba nyimbo nzuri zipo hata leo, lakini bado nahisi kuna kitu kilichoondoka ambacho siwezi kukitaja jina. Ndiyo maana nawaomba mtupe uzoefu wenu, na ombi langu ni kwamba kila mmoja aeleze aliyoyaona na kuyasikia yeye mwenyewe.

BILA KIFICHO

Umeshuka, na wala halihitaji mjadala mrefu. Mwaka 2017 kampuni ya Nielsen, inayopima usikilizaji wa muziki, ilitangaza kwamba hip hop na R&B kwa pamoja zimeipita roki kwa usikilizaji nchini Marekani, na mwaka uliofuata kampuni ya magitaa ya Gibson iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Uzoefu wangu ni mfupi: katika sherehe za vijana wa familia yetu sijaombwa kuweka wimbo wenye gitaa kwa zaidi ya miaka kumi, nami ndiye mwenye spika.

NYUZI NNE

Mheshimiwa mwanzisha mada, huenda mimi nikakusaidia kukipa jina hicho kilichoondoka, kwa sababu nilikuwapo kilipokuwa kikiondoka.

Nilipiga besi katika bendi ya watu wanne kwa miaka 11. Watu husema bendi ni muziki. Mimi nasema bendi ni mpangilio wa saa. Lazima watu wanne, wenye kazi nne na familia nne, wafike katika chumba kimoja kwa wakati mmoja, na chumba chenyewe lazima kiwe mahali ambapo dramu hazitamfanya jirani agonge mlango. Lazima pawe na gari la kubebea amplifaya. Malipo yakipatikana, hugawanywa mara nne baada ya dereva kuchukua chake. Mwimbaji aliye peke yake na kompyuta mapajani hahitaji lolote kati ya hayo, na waandaaji wa maonyesho walilitambua hilo mapema kuliko sisi. Walianza kwa kutuuliza kama tunaweza kwenda watatu. Baadaye wakatuuliza kama tunaweza kwenda wawili.

Usiku mmoja tulikubali. Mpiga dramu tulimwacha nyumbani, tukapiga juu ya mdundo uliorekodiwa, na wasikilizaji, kwa kadiri nilivyoona, hawakugundua tofauti yoyote. Mimi niligundua. Kwa miaka yote ile, kila tulipokaribia kibwagizo nilizoea kugeuza shingo na kumtazama mwenzangu, naye alikuwa akinionyesha kwa bega tu kama tunaingia kwa nguvu au tunasubiri kidogo. Usiku ule niligeuza shingo nikakutana na kisanduku chenye taa ya kijani. Bendi haikuvunjika siku hiyo, lakini ndipo ilipokufa.

Sasa turudi kwenye swali la vizazi. Albamu ya kwanza ya Black Sabbath ilirekodiwa kwa siku moja mwezi wa Oktoba 1969. Vijana wa leo wakisikia hivyo hudhani ni suala la kipaji cha ajabu, na kipaji kilikuwapo bila shaka, ukizingatia kwamba mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa amekatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani na alikuwa akipiga kwa vifuniko alivyojitengenezea. Lakini waliweza kumaliza kwa siku moja kwa sababu walikuwa wamekwisha kuzipiga nyimbo zao usiku baada ya usiku mbele ya watu. Beatles nao, kabla dunia haijawajua, walipiga kwa saa nyingi kila usiku katika vilabu vya Hamburg tangu 1960. Vyumba vya namna hiyo, ambamo bendi isiyojulikana iliruhusiwa kukosea kwa miaka miwili mitatu mpaka ikakomaa, vimeendelea kufungwa. Hata klabu ya CBGB ya New York, iliyowalea bendi ya Ramones, ilifunga milango mwaka 2006. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba vipaji havijapungua hata kidogo. Kilichopungua ni mahali pa kukosea pamoja.

FUNDI WA MEZA

Nimeisoma taarifa ya Nyuzi Nne mara mbili, na imenilazimu nitoe ungamo ambalo sijawahi kulitoa hadharani.

Mimi ni fundi wa sauti katika studio, kazi ambayo nimeifanya kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilipoanza, tulikuwa tumekwisha kuingia katika zama za kompyuta, na nilifundishwa kwamba kazi ya fundi mzuri ni kuondoa makosa. Mpiga dramu huwekewa masikioni mlio wa kuhesabu, ili mwendo wake usibadilike tangu mwanzo hadi mwisho; akimaliza, fundi huchukua kila pigo lililowahi au kuchelewa na kulisogeza mpaka liangukie juu ya mstari. Mwimbaji naye hunyooshwa sauti kwa programu ambazo zimekuwapo tangu 1997. Hakuna anayelazimishwa, ni kwamba mteja akikaa karibu nawe na kuona pigo lililo nje ya mstari, hulisikia kwa macho kabla ya masikio, na huanza kuona aibu.

Miaka kadhaa iliyopita bendi moja changa ililetwa kwangu, na mpiga dramu wao alikuwa na tabia ya kuongeza mwendo kila wanapoingia kwenye kibwagizo, kisha kuurudisha polepole kwenye beti. Nilimnyoosha. Nilikesha usiku mbili nikisogeza mapigo yake moja baada ya jingine, na nilipomaliza nilijivuna kwa usafi wa kazi. Kisha tukazipandisha nyimbo zote sauti mpaka mwisho, kwa sababu mwenye fedha alitaka zisipigwe chini na za wengine. Ukiitazama picha ya sauti ya wimbo wa miaka ya 1970 utaona milima na mabonde. Picha ya wimbo ule niliouandaa mimi ilikuwa kama ubao uliopigwa randa. Tatizo hilo halikuwa langu peke yangu. Metallica walipotoa albamu ya Death Magnetic mwaka 2008, mashabiki waligundua kwamba nyimbo hizohizo zilipumua vizuri zaidi ndani ya mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero kuliko kwenye CD iliyouzwa dukani, na maelfu wakasaini ombi la kutaka ziandaliwe upya.

Kwa haki niseme kwamba upande wa ukubwa wa sauti mambo yametulia kiasi, kwa kuwa huduma za kusikiliza muziki mtandaoni husawazisha zenyewe ukubwa wa sauti wa nyimbo, hivyo anayepiga kelele sana hupunguzwa tu na hapati faida. Lakini kunyoosha bado tunanyoosha. Mzee Kanda Kuukuu, unapohisi kwamba kuna kitu kimeondoka, inawezekana masikio yako hayajazeeka hata kidogo. Inawezekana unasikia kazi ya mikono yangu.

MKUSANYA SANTURI

Nitakuwa mfupi. Roki ilitangazwa kufa kabla wengi wenu hamjazaliwa. Kufikia 1959 Elvis Presley alikuwa jeshini, Little Richard alikuwa ameigeukia dini, na Buddy Holly alikuwa amefariki katika ajali ya ndege ya tarehe 3 Februari; ilionekana mambo yamekwisha. Mwaka 1962 kampuni ya Decca iliwakataa Beatles baada ya kuwasikiliza, na miaka miwili baadaye, mwezi wa Aprili 1964, Beatles haohao walikuwa wameshika nafasi zote tano za juu katika chati ya Marekani.

Kuhusu uzoefu wangu, mwaka 1983 niliuza santuri zangu karibu zote, nikiamini kwamba vinanda vya umeme vimeizika roki moja kwa moja. Baadaye Nirvana wakaja, Januari 1992 albamu yao ikamwondoa Michael Jackson katika nafasi ya kwanza, nami nikaanza kuzinunua upya santuri zilezile. Mojawapo nimeinunua ikiwa na jina langu nyuma, kwa mwandiko wangu.

BINTI WA GITAA

Shikamooni wakubwa zangu wote. Nina miaka 19, na sidhani kama ninastahili kujibu swali la kulinganisha vizazi, lakini mwanzisha mada ameomba tuliyoyaona wenyewe, basi nitasema yangu.

Niliingia katika roki mwaka 2022 kupitia tamthilia ya Stranger Things, ambamo kijana mmoja anapiga juu ya paa wimbo wa Metallica uliotoka mwaka 1986. Kwangu ulikuwa wimbo mpya kabisa. Sikujua kwamba una umri mkubwa kuliko mama yangu. Nikanunuliwa gitaa lililokwisha kutumika, nikajifunza kwa kutazama video zilizopunguzwa mwendo hadi nusu. Nilipojiunga na darasa la gitaa, wanaume wawili wa makamo waliniuliza nitaje nyimbo tano za bendi iliyochorwa kwenye fulana yangu. Nilitaja tisa. Hawakuniomba radhi, ila mmoja wao alianza kuniazima nyaya zake.

Kwangu mimi mambo yote yametokea siku moja. Katika orodha yangu Black Sabbath wanafuatana na Turnstile, bendi ya siku hizi, na Fontaines D.C., nao wa siku hizi, wanafuatana na Mdou Moctar wa Niger, ambaye gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe kwa nyaya za baiskeli. Niliwatazama Gojira wakipiga muziki wa metali katika ufunguzi wa Olimpiki ya Paris, tarehe 26 Julai 2024, na nyumbani kwetu hata bibi alinyamaza. Kwa hiyo nikisikia roki imekufa huwa ninashangaa kidogo, kwa sababu nimefika juzi tu.

Lakini kaka Nyuzi Nne amenigusa mahali. Ninaweza kupiga nyimbo zaidi ya hamsini, na zote nimezipiga nikiwa peke yangu chumbani, vipokea sauti vikiwa masikioni. Sijawahi kumgeukia mtu kabla ya kibwagizo. Niliposoma sentensi ile ilinibidi niirudie, kwa kuwa sikujua kwamba hilo ni jambo linalofanyika.

NYUZI NNE

Mdogo wangu, linafanyika. Tafuta mpiga dramu kabla ya kutafuta gitaa la pili. Asiyefika kwa wakati mwache, hata kama anapiga vizuri kuliko wote.

KANDA KUUKUU

Nawashukuru. Bila Kificho ametuletea hesabu za soko, na sizipingi, ingawa nimeanza kuona kwamba roki kung’olewa kwenye kiti cha mbele na roki kushuka ubora ni mambo mawili ambayo tumekuwa tukiyafunga katika furushi moja. Nina swali kwa Fundi wa Meza: ile rekodi ya mpiga dramu wako, kabla hujainyoosha, bado ipo?

FUNDI WA MEZA

Ipo. Swali lako limenifanya niitafute jana usiku katika diski za zamani, nikaisikiliza pamoja na ile niliyoinyoosha, moja baada ya nyingine. Ile ya kwanza ina uhai ambao ya pili haina. Kibwagizo cha kwanza kinapoingia, mwendo unapanda kidogo na nywele zinakusimama, na mimi ndiye niliyeuondoa mpando huo kwa mkono wangu na kulipwa. Nilimtumia mwenyewe leo asubuhi, pamoja na maneno marefu ya kumwomba radhi.

Amenijibu sasa hivi. Anasema ameisikiliza akiwa njiani kwenda kazini, ameipenda, na anashukuru kwamba niliitunza. Ila anasema kwenye kibwagizo cha pili alichelewa kweli, na anaomba hapo tu nimsogezee.