Tupeane uzoefu: mfumo wa kompyuta ulipoingia kituoni kwenu, nani aligoma na mlimalizaje?

Mtoto wa Mikindani: Wakuu, nimesikia kituo kimoja huku Tandahimba kinawekewa GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa kuendesha vituo vya afya, na wahudumu wameshanuna. Nikakumbuka ya kwetu. Wodini waliandika kila kitu kwenye vitabu vya MTUHA (rejesta za serikali za taarifa za huduma za afya), jioni wanamsukumia kijana wa field aingize kwenye kompyuta. Ukisoma mfumo, wagonjwa wote wamefika saa kumi na moja jioni! Mliopitia haya mwageni uzoefu.

Dirisha la Dawa: Kwetu wahudumu wazee hawakugoma. Aliyegoma ni mpokea pesa. Control namba (namba ya kulipia serikalini) ilipoanza na risiti za mkono zikafa, kila siku "mtandao mbovu". Mapato yalipopanda tukaelewa.

Kusini Kwetu: Hapo umenena.

Mama Kliniki: Msitubebeshe wote wizi. Niko kliniki ya mama na mtoto, Lindi vijijini. Mjamzito mmoja namwandika kwenye kadi yake, kwenye MTUHA namba 6 (kitabu cha wajawazito), halafu kwenye mfumo. Foleni imefika mwembeni na zamu niko peke yangu. Kitabu siwezi kukiacha, ripoti ya mwezi inayoingia DHIS2, mfumo wa takwimu za afya wa taifa, inajumlishwa kutoka humo.

Mmwera Halisi: Uzi huu umeniamshia jambo. Masika, usiku, mama amejifungua na damu haikomi. Umeme umekatika tangu magharibi, jenereta haina mafuta. Aliletwa na bodaboda, kadi imebaki nyumbani. Vitabu vya zamani vimefungiwa stoo kwa amri, eti tusirudi nyuma. Kundi lake la damu limo kwenye kompyuta iliyozima! Oksitosini, sindano ya kuzuia damu, tumechoma, tumbo tunalikanda, bado inatoka. Kuna muuguzi wa siku nyingi aliyekuwa akisemwa kila kikao kwa daftari lake. Akalitoa, akamulika kwa simu, akasoma: O hasi. Tukapiga simu hospitali ya wilaya, damu ikaanza kutafutwa tukiwa bado njiani. Mama yule yuko hai. Tangu siku hiyo sikubali mtu amwite yule dada mkaidi.

Kusini Kwetu: Dah. Mungu ambariki.

Fundi Mifumo: Pole sana mkuu. Ila lililokosekana hapo ni mafuta ya jenereta. Daftari lenye siri za wagonjwa likidondoka sokoni je? Na angekuwa likizo?

Mmwera Halisi: Hukuwepo wewe. Damu haisubiri seva.

Fundi Mifumo: Nimefunga mifumo vituoni, nimeyaona. Chapisheni kila Ijumaa orodha ya wajawazito waliokaribia, ifungiwe leba. Vitabu vingine viondoke kabisa, mkiviacha hakuna atakayegusa kompyuta.

Dirisha la Dawa: Mimi napinga. Fomu za karatasi ziwepo kila chumba, umeme ukirudi ziingizwe. Na huyo dada wa daftari ndiye afundishe wenzake, maana anajua kinachohitajika usiku. Semina za hotelini wanakwenda wakubwa, anayebofya ni wa zamu.

Mtoto wa Mikindani: Na msianze msimu wa korosho, watu wana hela, mapokezi panajaa. Anzeni na stoo ya dawa. Mfamasia akiona salio bila kuhesabu makopo, atawashawishi wengine mwenyewe.

Mama Kliniki: Yote sawa, lakini mimi bado naandika mara tatu. Kuna ambaye kituo chake kimeruhusiwa kuacha kitabu? Aseme walimwona nani wilayani, kesho niende.