Naomba ushauri: VCO au DCO kwa kinanda cha analogi cha sauti sita?

Wakuu, naomba maoni kabla bodi za saketi hazijaagizwa: oseleta (saketi inayozalisha mawimbi ya sauti) iwe VCO, inayoongozwa kwa volti, au DCO, inayoongozwa kidijitali? Kinanda ni cha sauti sita kwa mpigo, oseleta mbili kwa kila sauti, filta ya desibeli 24 kwa oktavu.

Kinachonisumbua ni oseleta. Chipu ya CEM3340, iliyotumika kwenye kinanda cha Prophet-5 toleo la 3, inafuata volti 1 kwa oktavu na ina fidia ya joto ndani. Hata hivyo oseleta 12 lazima zijisawazishe zenyewe kwa programu, maana kosa la milivolti 1 tu ni senti 1.2 (senti 100 ni nusu toni). DAC (kigeuza namba kuwa volti) ya biti 12 kwenye volti 10 inaruka milivolti 2.4, karibu senti 3, na sikio litasikia. Kwa hiyo biti 16, na pawasaplai ikae mbali na oseleta.

DCO kama ya kinanda cha Juno-106 haihami tuni kwa sababu saa ya kristali ndiyo inayoianzisha upya kila mzunguko. Tatizo langu ni kwamba oseleta zote zikifuata saa moja, sauti inakuwa kavu. Juno yenyewe inaegemea sana korasi yake (saketi ya kunenepesha sauti).

Wapigaji wa taarab, mngependa kushusha noti mojamoja kwa senti 50 kwa ajili ya maqam (mfumo wa ngazi za muziki wa Kiarabu)? Kwa DCO ni namba tu, kwa VCO jedwali la usawazishaji linahusika.

Vitufe 49 au 61? Mimi naelekea 61. Nobu ya katofu (masafa ambapo filta inaanza kukata) iwe kubwa, hilo halina mjadala.